Nani Achore, Nani Ajenge, Nani Alipe

(Maandishi ya hotuba iliyotolewa mjini Nakuru mbele ya wanaharakati na wajumbe wa makanisa)



Mwaliko wenu uliniomba nizungumze juu ya maji kwa jicho la sheria. Naushukuru mpaka huo, kwa maana unaniondolea kazi ya kuwaambia kwamba maji ni uhai. Hakuna aliyeketi katika ukumbi huu asiyejua bei ya mtungi wa lita 20 unapoletwa na mkokoteni wakati wa kiangazi, wala asiyejua ni nani nyumbani huamka alfajiri kuutafuta. Nitazungumza juu ya jambo kavu zaidi, jambo ambalo huamuliwa nyuma ya milango iliyofungwa, miezi mingi kabla tingatinga la kwanza halijafika mtoni. Wataalamu huliita njia ya utekelezaji wa mradi. Kwa lugha ya kawaida maana yake ni hii: nani atachora, nani atajenga, nani ataleta fedha, nani ataendesha, na nani atabeba hasara mambo yakiharibika.

Kila mradi wa maji ya umma umejibu maswali hayo matano, hata kama wenye mradi hawakuwahi kuyatamka. Tofauti ni kama kazi hizo zimegawanywa kwa watu mbalimbali wanaoweza kuchungana, au zimefungwa katika furushi moja na kukabidhiwa mtu mmoja. Na malalamiko yangu leo ni kwamba mwananchi wa Kenya hualikwa akiwa amechelewa. Huitwa kwenye baraza kuambiwa bwawa litajengwa wapi na ni mashamba ya nani yatakayochukuliwa. Huitwa tena kushuhudia utepe ukikatwa. Lakini siku ile ilipoamuliwa kwamba kandarasi na mkopo vitakwenda pamoja, siku ilipoamuliwa kama kutakuwa na mhandisi huru au la, hakuitwa. Siku hiyo ndiyo iliyoamua kama atakunywa maji au atalipa deni tu.

Wazee wetu walipopigania kuondolewa kwa kifungu cha 2(A) katika katiba ya zamani, kikafutwa Desemba 1991 mimi nikiwa mtoto wa shule ya msingi, walidai haki ya kuchagua chama. Katiba ya mwaka 2010 ilivuka sanduku la kura. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na wanaharakati wengi wanakijua kwa moyo. Wachache wamekisoma kifungu cha 227, kinachoagiza kwamba chombo chochote cha umma kinaponunua bidhaa au huduma, kifanye hivyo kwa mfumo wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wenye kujali gharama. Wachache zaidi wamekisoma cha 201, kinachosema kwamba mzigo na manufaa ya mikopo ya umma yagawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na vizazi vijavyo. Someni vifungu hivyo pamoja na cha 35 kinachotupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki ya maji bila vifungu hivyo vitatu ni hundi isiyotiwa sahihi.

Sasa nije kwenye njia zenyewe.

Ya kwanza ni ile ya zamani. Serikali huajiri wahandisi washauri, wakapima ardhi na mto, wakachora kila kitu. Michoro ikiisha kukamilika, zabuni hutangazwa, wanakandarasi wakashindana kwa bei juu ya mchoro uleule mmoja. Anayeshinda hujenga, na mhandisi asiyelipwa na mwanakandarasi husimama katikati, akipima kazi iliyofanyika kabla ya malipo kutoka. Hapa mchoro na bei havitoki katika kichwa kimoja. Mtu wa pili anaweza kuuliza kwa nini saruji hii ni nyingi, na mtu wa tatu anaweza kulinganisha.

Njia hii ina maudhi yake, nami sitaki kuyaficha. Huchukua miaka. Mjenzi akikuta mwamba ambao mchoraji hakuuona, wawili hao hutupiana lawama, na mwenye mradi, yaani ninyi, ndiye hulipa tofauti. Lakini ina fadhila moja ambayo kwa nchi yenye historia kama yetu nahesabu kuwa ni kubwa kuliko kasoro zote: mchoro upo kabla ya mkataba. Tazameni lile handaki la kuchukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati huko Murang'a na kuyapeleka katika bwawa la Ndakaini kwa ajili ya Nairobi. Lina urefu wa karibu kilomita 12, lilichorwa na washauri, lilikopewa fedha na Benki ya Dunia, na kampuni ya Kichina ikapata kazi ya kulichimba. Mwaka 2015 Raila Odinga alisimama hadharani akadai kwamba handaki hilo lingeigeuza Murang'a na majirani zake kuwa jangwa. Serikali ilikana. Wataalamu walibishana magazetini na katika mikutano juu ya ni kiasi gani cha maji kitakachoachwa mtoni wakati wa kiangazi. Mnaweza kuwa upande wowote katika ubishi ule. Wapo ndugu zetu wa Murang'a ambao hawajaridhika hata leo. Ninachowaomba mwone ni kwamba ubishi uliwezekana. Palikuwa na michoro ya kubishania, na tarakimu za mtiririko wa mto za kupinga.

Njia ya pili humpa mtu mmoja kazi ya kuchora na kujenga, wakati fedha na uendeshaji vinabaki kwa serikali. Kuna mahali inafaa sana. Mtambo wa kusafisha maji, kwa mfano, ni mashine zaidi kuliko ni jengo, na anayeitengeneza mashine huijua kuliko mshauri wa kukodiwa. Mwambie: maji machafu ya mto huu yana tope kiasi hiki, nataka yatoke na usafi wa kiwango hiki, lita kadhaa kwa siku, kwa umeme usiozidi kiasi fulani. Kisha mwache achore mwenyewe, na usimlipe sehemu ya mwisho mpaka mtambo umepimwa na kufaulu. Lakini hapo panahitajika mwenye mradi anayejua anachotaka na anayeweza kukiandika. Kaunti isiyo na mhandisi wa maji mwenye uzoefu itajikuta ikimwomba mwanakandarasi aandike matakwa yenyewe, na mtu anayejiwekea mtihani wake hufaulu siku zote.

Sisi mawakili wa kandarasi tunazo fomu za mikataba zinazotolewa na shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, ambazo hujulikana kwa rangi za majalada yake. Kitabu Chekundu ni cha kazi iliyochorwa na mwenye mradi. Cha Njano ni cha anayechora na kujenga. Mwaka 1999 wakaongeza cha Fedha, kwa mradi ambao mwanakandarasi hufanya yote kwa bei moja iliyofungwa na kukukabidhi ufunguo mlangoni. Mwaka 2008 kikafuata cha Dhahabu, ambamo mjenzi hubaki kuendesha. Nawachosha na rangi hizi kwa sababu moja. Katika utangulizi wa Kitabu cha Fedha, waandishi wenyewe wametoa onyo: kisitumiwe ambapo wazabuni hawana muda au habari za kutosha kuchunguza kazi, wala ambapo kuna kazi nyingi ya chini ya ardhi katika mahali wasipoweza kupakagua. Katika Kitabu hicho hakuna mhandisi huru wa kusimama katikati. Sasa fikirini mabwawa na mahandaki, na mfikirie ardhi ya Bonde la Ufa, ambayo hata jina lake linatuambia ilivyo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye njia ya tatu, nami nitakaa hapo, kwa sababu jeraha lake liko katika kaunti hii.

Njia ya tatu ni ya mwanakandarasi anayekuja na mkopo mfukoni. Anachora yeye, anajenga yeye, na benki za nchi yake zinatoa fedha, zikiwa zimekingwa na shirika la bima la serikali yao. Serikali yetu hutia sahihi mbili: moja kwenye kandarasi, nyingine kwenye mkopo. Waziri huiona kuwa ni baraka, maana kazi inaanza bila kungoja bajeti. Ndivyo ilivyopangwa kwa mabwawa matatu ya Bonde la Ufa: Itare hapa Kuresoi, na Arror na Kimwarer kule Elgeyo Marakwet. Yote yalipewa kampuni ya Italia, CMC di Ravenna, peke yake au pamoja na mwenziwe, kwa mikopo ya mabenki ya kigeni.

Itare ilikusudiwa kuileta Nakuru na miji ya jirani lita milioni 100 kwa siku. Maji yenyewe ni ya mto unaoshuka upande wa Sondu na Ziwa Victoria, na ndugu zetu walio chini ya mto walikuwa na maswali yao halali juu ya kuhamishwa kwake. Mwaka 2018 kazi ilisimama. Kampuni ilikuwa imeelemewa na madeni kwao Italia, ikaenda mahakamani huko kutafuta kinga dhidi ya wadai wake. Tafakarini jambo hilo kwa makini. Bwawa la Kuresoi halikusimama kwa sababu mvua ilikosa, wala kwa sababu wakazi walikataa, wala kwa sababu fedha za Nairobi zilikwisha. Lilisimama kwa sababu ya hesabu za kampuni moja katika mji wa Ravenna. Mchoraji, mjenzi na mlango wa mkopo vilikuwa kitu kimoja. Kitu hicho kilipoanguka, hapakuwa na mtu wa kumkabidhi mchoro aendelee na kazi kesho yake. Katika njia ile ya zamani mwanakandarasi anaweza kufilisika pia, na wengi wamefilisika. Lakini mchoro hubaki wako, mhandisi hubaki wako, na zabuni mpya huitishwa kwa kazi iliyosalia. Ni hasara, ila ina mwisho.

Juu ya Kimwarer, ikulu ilitangaza Septemba 2019 kwamba Rais Uhuru Kenyatta ameufuta mradi baada ya kupokea ripoti ya kamati ya wataalamu. Tangazo lenyewe lilisema kwamba hapakuwa na upembuzi yakinifu wa wakati huo wa kutegemewa. Upembuzi pekee uliopatikana ulikuwa wa mradi wa namna hiyo, wa miaka 28 nyuma, nao ulikuwa umeonyesha ufa wa kijiolojia unaokata eneo la mradi. Nayasoma maneno hayo kama wakili na nashindwa kuyapita. Mkataba ulitiwa sahihi, mkopo ukatiwa sahihi, na karatasi iliyokuwapo ilikuwa imekwisha kusema kwamba chini pana ufa. Kuhusu Arror, ilisemwa kwamba ingewezekana kujengwa, ila kwa gharama ndogo kuliko iliyokuwa imekubaliwa.

Aliyekuwa Waziri wa Fedha, Henry Rotich, na wenzake walishtakiwa mwaka 2019. Desemba 2023 mahakama iliwaachilia huru, na hakimu akaulaumu upande wa mashtaka kwa jinsi ulivyoiendesha kesi. Kwa hiyo mbele ya sheria hakuna mwenye hatia, nami kama afisa wa mahakama naheshimu jambo hilo na nawaomba mliheshimu. Halibadilishi hoja yangu. Tumezoea kuamini kwamba mradi mbaya ni lazima uwe na mwizi, na mwizi akikosekana tunarudi nyumbani. Mimi nasema njia iliyochaguliwa ingeweza kutufikisha hapo hata kama kila aliyehusika angekuwa malaika. Mkopo uliokwisha kuchukuliwa hauulizi kama mfereji umetoa maji. Riba hukimbia, bima ya mkopo hulipwa mwanzoni, malipo ya awali hutoka kabla ya mchoro wa mwisho kukubaliwa na kabla mashamba hayajapatikana. Na hata fedha ambazo bado hazijachotwa hutozwa ada kwa kuwekwa tayari. Mwaka 2023, wakati wa ziara ya Rais wa Italia nchini, serikali ilitangaza mapatano ya kuyafufua mabwawa hayo. Tuombe yafufuke. Lakini tuulize kwanza: yanafufuka kwa njia gani?

Kuna jambo la kisheria linalofanya njia hii iwe ya hatari zaidi, na ni wakristo na wanaharakati wachache wanaolijua. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, katika kifungu cha 4(2)(f), inaondoa katika mamlaka yake ununuzi unaofanywa chini ya mapatano kati ya Serikali ya Kenya na serikali au shirika la kigeni. Tuliona uzito wa mlango wa namna hii katika kesi ya reli mpya ya SGR. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema ununuzi wake ulikiuka sheria. Juni 2023 Mahakama ya Upeo ikaubatilisha uamuzi huo, ikishikilia kwamba chini ya sheria iliyokuwapo wakati ule, ya mwaka 2005, mkopo wa serikali kwa serikali uliuondoa ununuzi huo katika masharti ya zabuni. Mwaweza kuafikiana na majaji au msiafikiane. Funzo kwa mwananchi ni jepesi: kuchagua njia ya fedha ni kuchagua pia sheria itakayotumika. Anayefunga kandarasi na mkopo pamoja anaweza kuwa anafunga pia mlango wa zabuni, na kifungu cha 227 kinabaki nje kikibisha hodi.

Njia ya nne ni ubia kati ya serikali na sekta ya kibinafsi. Mwekezaji hutafuta fedha, hujenga, huendesha miaka ishirini au thelathini na kuuza maji, kisha hukabidhi. Wako wenzetu katika harakati ambao hulisikia neno hilo na kukasirika papo hapo. Mimi si mmoja wao, ingawa nina tahadhari zangu.

Jirani zetu wametupa mifano miwili. Dar es Salaam, mwaka 2003, ilikodisha uendeshaji wa maji ya jiji kwa kampuni ya City Water, iliyoongozwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani pamoja na mshirika wa Kitanzania. Mkataba ulikuwa wa miaka kumi, na ubinafsishaji huo ulikuwa sehemu ya masharti ya wakopeshaji. Mwishoni alikuwa amebaki mzabuni mmoja tu. Mei 2005 serikali iliuvunja mkataba, ikisema kampuni imeshindwa kazi. Kampuni ikaenda katika baraza la usuluhishi wa uwekezaji lililo chini ya Benki ya Dunia. Uamuzi wa Julai 2008 ni wa ajabu kidogo: baraza lilikuta kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa mwekezaji, lakini kwamba ukiukaji huo haukumletea hasara, na kwa hiyo halikumpa hata senti. Tanzania haikulipa fidia, lakini ililazimika kujitetea mbali na nyumbani katika kesi iliyochukua miaka. Ninalolipenda katika kesi ile ni kwamba mashirika ya haki za binadamu, ya mazingira na ya wanawake ya Tanzania yaliomba kusikilizwa, na baraza likayaruhusu kuwasilisha maandishi. Halikuyaruhusu kuingia katika vikao wala kuziona nyaraka za kesi. Yaani waliruhusiwa kusema juu ya mkataba wasioonyeshwa nyaraka zake. Nadhani mnaitambua hali hiyo.

Mfano wa pili ni wa Kigali. Mwaka 2015 Rwanda ilitia sahihi na kampuni ya Metito mkataba wa miaka 27 wa kujenga na kuendesha mtambo wa Kanzenze, wa lita milioni 40 kwa siku. Ulianza kazi mwaka 2021. Angalieni mipaka yake: mwekezaji anatoa maji na kuyasafisha, kisha anayauza kwa jumla kwa shirika la umma, WASAC. Mabomba ya mtaani, mita na mwananchi vinabaki upande wa umma. Kazi iliyotengwa hivyo hupimika. Lita zimefika au hazikufika, ni safi au si safi. Swali gumu katika mikataba ya aina hii ni kama shirika la umma limeahidi kulipia kiasi fulani hata lisipokichukua. Ahadi hiyo ikiwa kubwa, shirika lenye mabomba yanayovuja litanunua maji ghali na kuyamwaga barabarani, na bili itakuja kwa yule mama wa mtungi.

Hapa kwetu, Sheria ya Ubia ya mwaka 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2013, inaruhusu mtu wa kibinafsi kuleta pendekezo lake mwenyewe bila serikali kuliitisha. Tuliona mwaka 2024 jinsi pendekezo la kampuni ya Adani juu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta lilivyofika mbali kabla umma haujalijua, na jinsi lilivyofutwa na rais Novemba mwaka huohuo baada ya kelele, kesi mahakamani, na mashtaka yaliyofunguliwa Marekani. Uwanja wa ndege waliupigia kelele wafanyakazi wake na vijana mitandaoni. Je, pendekezo kama hilo likiletwa juu ya chemchemi ya wilaya fulani ya mbali, ni nani atakayelivujisha?

Ndugu zangu wa makanisa, ninyi mna ushahidi wenu katika jambo hili, na naomba msiudharau. Maji ya visima vya sehemu hii yana floraidi nyingi. Tunaiona katika meno ya watoto wetu yaliyogeuka rangi ya kahawia, na kwa wengine hufika kwenye mifupa. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi kwa miaka mingi kusafisha floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Sasa, mkaa huo una tabia moja: hushika floraidi mpaka ukajaa, kisha huacha kufanya kazi, huku maji yakiendelea kutoka yakiwa meupe na matamu vilevile. Macho hayaoni tofauti. Kwa hiyo mtu akija kuwajengea kichujio kama hicho kwa mkataba unaoisha siku ya kukabidhi ufunguo, amewapa sumu yenye tarehe ya kuanza. Hapo njia inayofaa ni ile inayomfunga mjenzi kubaki, kupima maji, kubadilisha mkaa na kulipwa kwa ubora wa maji, au ile inayoacha fedha na ujuzi mikononi mwa kamati ya wananchi. Wahandisi wa mjini wana vitabu vya rangi nne. Jambo hili la mkaa mngeweza kuwafundisha ninyi.

Na kabla ya bwawa lolote jipya, kuna njia ambayo haikatiwi utepe. Ripoti za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji za Kenya hayalipiwi. Yanavuja, yanaibwa, au mita hazisomi. Mtu anaweza kupewa kandarasi ya kuyaokoa maji hayo na kulipwa kulingana na lita zilizookolewa, zilizopimwa na mtu mwingine. Asipookoa, halipwi. Hakuna shamba la mtu linalozamishwa, wala mto wa jirani unaohamishwa. Mwanasiasa haipendi kwa sababu bomba lililotengenezwa hufukiwa tena, na jiwe la msingi halina pa kuwekwa.

Mwaka 1974 serikali ilianza Mpango Mkuu wa Maji wa Taifa ikiwa na ahadi ya maji kwa kila nyumba ifikapo mwaka 2000. Sitaicheka ahadi hiyo. Walioitoa walijenga mengi. Lakini wasomaji wa Mwanzo wanakumbuka watumishi wa Isaka waliochimba visima Gerari, wakagombewa kisima cha kwanza, wakagombewa cha pili. Hawakukosa maji. Walichimba kabla ya kukubaliana kisima ni cha nani.

Kwa hiyo nimekuja na ombi la kazi, na kazi hii ina kalenda. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, serikali ya kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha hufika kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Wengi wetu huenda Aprili na Mei, wakati mambo yameiva. Nendeni Agosti. Kila parokia na kila kundi lichague watu wawili, mmoja awe anayeweza kukaa na karatasi ndefu bila kusinzia. Wakikuta mradi wa maji katika mpango, waandike barua kwa kutumia kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayompa ofisa wa umma siku 21 kujibu. Waulize kama upembuzi yakinifu umefanywa, lini, na nani aliulipia. Waulize mchoro utakuwa mali ya nani kazi ikisimama katikati. Waulize anayepima kazi analipwa na nani. Kama kuna mkopo, waulize kama anayeleta mkopo ndiye pia anayejenga, na ni sheria ipi ya ununuzi itakayotumika. Kama ni ubia, waulize kaunti imeahidi kununua lita ngapi hata isipozihitaji. Na waulize nani atakayekuwa akibadilisha pampu mwaka wa sita.

Barua hiyo nimeiandaa kwa Kiswahili na Kiingereza, ukurasa mmoja tu, na nakala ziko kwa katibu pale mlangoni. Majina ya mradi na tarehe nimeyaachia nafasi. Mkijibiwa, au zikipita siku 21 bila jibu, leteni nakala kwa katibu, ili tujue ni barua zipi za kupeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo sheria imeipa kazi ya kusikiliza malalamiko ya aina hiyo.